Kitabu cha Wageni cha Hukkalampi

Oiva Kemppainen alikuwa mkimya kiasi kwamba mbwa wake alikufa bila kulijua jina lake mwenyewe. Jina alikuwa nalo, tena zuri, ila Oiva hakuona sababu ya kulitamka wakati mbwa yuko palepale miguuni. Kijijini Korpivaara jambo hilo halikumshangaza mtu. Huku ukimya ndio chakula, na kahawa ndiyo ya kuushushia.

Lakini mtu asiyesema lazima awe na mahali pa kuyapeleka maneno yake, na Oiva aliyapeleka njiani. Njia yenyewe inazunguka msituni kilomita kumi na nane. Inaanzia nyuma ya banda la gari la zimamoto na kurudi palepale, kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Katikati yake, kando ya kiziwa cha Hukkalampi, kilikuwapo kibanda cha magogo chenye jiko la chuma, vitanda vya mbao vya kutosha watu wanane wasiokoroma au watano wanaokoroma, na mlango usiojua kufuli ni kitu gani.

Majira ya baridi Oiva aliipita njia hiyo kwa pikipiki yake ya theluji, akikokota nyuma chombo cha kuchongea mifuo miwili ya kupitishia skii, zile mbao ndefu wanazovaa watu miguuni ili wateleze. Mwezi wa tatu theluji ilipoganda ikawa ngumu kama sakafu, aliwatobolea wavuvi matundu kwenye barafu la kiziwani, nao wakakaa juani juu ya ndoo zao siku nzima wakivuta samaki wadogo kama vijiko. Kiangazi alipigilia mbao juu ya kinamasi ili wachumaji wa matunda wasizame na vikapu vyao. Mbu wa Hukkalampi ni wakubwa, ila waungwana. Hubisha hodi kwanza. Majani yakianza kuwa mekundu alipasua kuni za wawindaji wa kulungu. Alifanya hivyo miaka arobaini na miwili, na yeyote aliyemshukuru alimtia haya mpaka masikio yakayeyusha barafu kwenye kofia. Ungeichukua njia yote aliyoipita ukaiunga, ingefika mwezini, ingerudi, na ingebaki ya kufungia ng'ombe.

Kibanda kile kilikuwa na sheria mbili ambazo hazikuandikwa popote. Ya kwanza: unapoondoka, fagia, pasua kuni, na uache vijiti vikavu vya kuwashia moto kando ya jiko, ili ajaye na vidole vilivyoganda asihangaike. Ya pili: aliyefika mwisho ndiye mwenye haki ya kukaa. Wa kwanza kufika ameshaota moto, basi ndiye wa kwanza kuinuka. Hakuna anayeambiwa toka. Ukisikia skii zinakwaruza nje, unameza kahawa yako, unavaa glavu, unakwenda. Mtoto wa Korpivaara hulijua hilo kabla hajajua kufuta kamasi.

Barua ilikuja mwezi wa kumi na moja, siku ambayo chafya ya Ilmo jirani iliganda hewani ikamwangukia kidoleni, ikamvunja ukucha. Saimi, mke wa Oiva, ndiye aliyeisoma kwa sauti, kwa sababu miwani ilikuwa moja na pua ya kuivaa ilikuwa yake.

"Wanasema vibanda ni vingi mno," alisema. "Ofisi ya msitu itaviondoa visivyotumika. Cha Hukkalampi kimo kwenye orodha. Kikiondolewa, na njia inafutwa kwenye ramani, na mafuta ya pikipiki yako wanayoyalipa, basi tena."

"Kinatumika," alisema Oiva.

"Hilo waambie wao. Mwezi wa tatu atakuja mtu kukagua. Wataangalia majina kwenye kitabu cha wageni."

Oiva akaweka kikombe chini. Kitabu kilikuwapo, kimening'inia kwenye msumari karibu na dirisha, na penseli imefungwa kwa uzi. Alikuwa akikifuta vumbi kila Jumatatu. Kukifungua hakuwahi.

Kesho yake alikwenda akakifungua. Katika miaka kumi na mmoja palikuwa na majina thelathini na matatu: Wajerumani wawili waliosifu ukimya kurasa tatu nzima, Mholanzi aliyepotea, mwanamke wa Japani aliyechora ndege badala ya kuandika, na wanafunzi wa shule moja ya mbali waliotukanana. Wa Korpivaara hakuna hata mmoja. Wala Ilmo, anayepita pale siku mia tatu kwa mwaka na nyingine hamsini kwa bahati mbaya. Wala Saimi, aliyechumwa pale.

"Aliyeposwa," Saimi angesahihisha. "Matunda ndiyo yaliyochumwa."

Jioni ile alimsubiri mume wake avue buti, kisha akamuuliza, "Na wewe? Umelala kule mara ngapi?"

"Mia mbili. Tatu."

"Umeandika mara ngapi?"

Oiva alimtazama kama vile ameulizwa ni mara ngapi amepiga hodi chumbani kwake. "Mimi si mgeni," alisema.

Saimi akarudi kwenye sufuria yake, kwa sababu na yeye hakuwa mgeni.

Majira yale ya baridi Oiva alizungumza kuliko miaka yake yote ikijumlishwa, na kila neno lilimtoka kama jino. Alianza kwa Ilmo Juntunen, aliyekuwa uani akipaka nta chini ya skii zake.

"Ukipita Hukkalampi, andika jina."

"Lipi?"

"Lako, mjinga wewe."

"Nani kule halijui?" Ilmo akacheka mpaka nta ikamwagika. "Oiva, tangu lini mtu akaandika jina lake kwenye nyumba yake? Na chooni kwangu niweke kitabu? 'Ilmo alikuwa hapa, mambo yalikwenda vizuri'?"

"Watakibomoa, Ilmo."

"Nani, hawa? Hawa hawawezi hata kuibomoa bajeti yao. Tulia, mzee mwenzangu."

Ndivyo ilivyokuwa kila nyumba. Walimkaribisha, wakammiminia kahawa, wakatikisa kichwa kwa huzuni juu ya ofisi, wakaahidi. Na walipita kweli, Oiva aliona. Kuni zilipungua. Sakafuni palikuwa na chembe za nta ya buluu, ya baridi kali, na nyekundu ya siku za joto. Rundo la majivu nje lilipanda. Kitabu kikabaki cheupe kuliko theluji, maana kwenye theluji angalau sungura huandika nyayo zake.

Saimi akaoka mikate mitamu ya iliki, akaijaza kwenye kopo, na Oiva akabandika karatasi juu yake: *Kula mmoja, andika jina.* Wiki ikaisha. Mikate iliisha siku ya kwanza. Kopo lilikuwa limeoshwa, limekaushwa na limejazwa vijiti vya kuwashia moto.

"Wana adabu," alisema Saimi.

"Adabu itatuua," alisema Oiva.

Mwezi wa pili huruma ikawaingia, labda kwa sababu walimwona amekonda. Siku moja akakuta ukurasa umejaa! Moyo ukamruka, akausogeza dirishani. *Familia ya kulungu, watu watano, tumeridhika. Dubu: msinigongee kabla ya Aprili. Askofu wa Roma na mkewe. Hapakuwa na mtu hapa, wala leo hakuna.* Waandishi ishirini na saba, kila mmoja na mwandiko wake, na Oiva aliijua miandiko yote kama anavyozijua nyayo. Hakuna aliyethubutu kuweka jina la kweli. Jina la kweli lingekuwa kujisifu.

Alicheka peke yake mle ndani mpaka akakaa chini. Halafu akaendelea kukaa, kicheko kimekwisha zamani na jiko limezima, mpaka baridi ikamwinua.

"Keti uyaandike mwenyewe," Saimi alimwambia usiku ule. "Kalamu mbili, mkono wa kulia na wa kushoto. Mia moja yatosha."

"Huo ni uongo."

"Lakini walipita!"

"Walipita. Hawakuandika."

"Oiva, mume wangu, utakufa mkweli na hutakuwa na mahali pa kwenda."

Oiva akatia kuni jikoni. Kisha akasema neno ambalo ndilo lilikuwa limemkaa kooni tangu barua ifike. "Nikiamka Jumatatu, Saimi, niende wapi?"

Saimi akamshika mkono, na Saimi kumshika mkono ni jambo lililotokea mara mbili tu. Mara ya kwanza ni siku aliyoposwa.

Ilibaki njia moja. Mkaguzi akitaka watu, aone watu. Barua ya pili ilitaja siku: Alhamisi, kabla ya saa sita mchana, bibi mmoja aitwaye Pinja, atafika kwa skii. Oiva akazunguka tena nyumba zote, na safari hii hakuomba majina. "Njooni tu," alisema. "Kaeni. Basi." Kukaa walikuweza. Wakakubali kwa mioyo yote.

Alhamisi ile saa kumi na mbili asubuhi Oiva alikuwa wa kwanza kufika. Alikuwa amechonga mifuo upya usiku kucha, laini, iliyonyooka, ukingo wake mkali kama wa sabuni mpya. Akawasha moto, akatereka birika. Saa mbili wakaanza kuingia, na kila aliyeanza kuinuka kumpisha mwenzake alivutwa koti akae. Kufika saa tatu na nusu walikuwa thelathini na wanne katika kibanda cha watu wanane. Wavuvi walikaa juu ya ndoo zao. Wajukuu walipangwa kitanda cha juu kama samaki. Mtu akitaka kujikuna alilazimika kuomba ruhusa safu nzima. Ilmo alisimama kilimani nje kutazama njia, kwa sababu ndani hapakuwa na nafasi ya mdomo wake.

Oiva alikaa karibu na jiko, Saimi ubavuni pake. Akawatazama wote, mvuke unapanda kutoka kwenye sweta zao, na kwa mara ya kwanza tangu vuli kifua kikamlegea. Walikuja. Mkaguzi atawaona. Atahesabu vichwa, ataandika, na kibanda kitabaki.

"Anakuja!" Ilmo akapaza sauti kutoka kilimani. "Mgeni anakuja!"

Vikombe vikashushwa. Kisha wakasikia skii zikikwaruza, mbali bado, zikipanda polepole. Miguu ya mtu aliyechoka na aliyepatwa na baridi.

Hapa ndipo lilipotokea jambo ambalo Oiva alikuja kulikumbuka mchana na usiku, akiligeuzageuza kama mtu anayetafuta tundu la soksi. Nje kuna mtu anakuja na baridi yake. Ndani kuna mtu aliyefika kwanza, aliyeota moto tangu alfajiri. Kichwa chake kilijua yote. Kichwa kilisema kaa. Lakini miguu ilikuwa na umri wa miaka sabini na mmoja, nayo ilikuwa imefundishwa kabla ya kichwa. Oiva akainuka. Akavaa glavu.

Na alipoinuka yeye, wa pili akaona zamu yake imefika. Wavuvi wakainua ndoo. Mama mmoja akafagia nyuma yao. Mwingine akapasua magogo matatu, akapanga vijiti kando ya jiko, akasuuza vikombe, akavitundika. Wajukuu wakashuka mmoja mmoja bila kuambiwa. Hakuna aliyesukuma. Wakafunga skii, wakashika mfuo wa upande wa pili, wa kwenda mbele, wakapotea nyuma ya misonobari kama shanga zinazotoka kwenye uzi.

"Oiva!" Saimi alimvuta mkono nyuma ya banda la kuni. "Oiva, tumefanya nini?"

Oiva alitazama mikono yake iliyokwisha kuvaa glavu. "Tumempisha," alisema.

Alisubiri kidogo, akarudi. Mlango ulikuwa wazi. Bibi Pinja, msichana wa miaka ishirini na saba hivi, mashavu mekundu, alikuwa ameketi karibu na jiko akijaza karatasi juu ya goti. Alipomwona mzee anaingia, akasimama mara moja, akachukua kofia yake.

"Keti, keti, binti," alisema Oiva.

"Wewe ndiye uliyekuja mwisho, mzee. Keti wewe."

Kwa hiyo wakazungumza wamesimama, wote wawili, na benchi katikati yao likabaki tupu.

"Walikuwapo watu thelathini na wanne," alisema Oiva. "Sasa hivi."

Pinja akatazama sakafu iliyofagiwa, vikombe vikavu vilivyotundikwa, kuni zilizopangwa. "Nimekuta moto na birika. Vikombe vyote viko msumarini. Hata chembe ya mkate hakuna."

"Ndivyo tunavyoacha."

"Na nyayo nje?"

Oiva akageuka kutazama nje mlangoni, kwa sababu alijua. Watu thelathini na wanne wakipita kwenye njia iliyochongwa vizuri huacha mifuo miwili. Mtu mmoja akipita huacha mifuo miwili. Na njia ile ilichongwa vizuri kuliko zote nchini, kwa mkono wake.

"Mimi nakuamini, Mzee Oiva," alisema Pinja kwa sauti ndogo. "Babu yangu alikuwa na kibanda chake kama hiki. Hakuwahi kuandika kitabu chochote maisha yake yote. Lakini naruhusiwa kuandika nilichokiona. Na kitabuni nimemwona Askofu wa Roma."

"Na mkewe," alisema Oiva.

"Na mkewe." Akataka kucheka, akashindwa. Akakitoa kitabu msumarini, akamnyooshea na penseli yake. "Andika lako basi. Moja tu. Nitawaambia mlinzi wa njia ameshuhudia."

Oiva akavua glavu, akashika penseli. Ukurasa ulikuwa na vyumba vitatu: jina, tarehe, ametoka wapi. Akaweka ncha ya penseli kwenye chumba cha kwanza. Akaikaza. Saimi alisimama mlangoni akimtazama mgongo tu, na baadaye alisema mgongo ule ulikuwa kama wa mtu anayenyanyua gari. Lakini jina halikuandikika. Akaiweka penseli chini, taratibu, kando ya uzi wake.

"Mimi si mgeni hapa, binti," alisema. "Nisamehe."

Walikuja mwezi wa sita, wanaume watatu na mashine moja ya manjano. Mashine ilikwama kwenye kinamasi mita mia tatu kabla ya kufika, wakampigia simu Oiva, maana ndiye aijuaye ardhi. Oiva akaenda. Akawaonyesha pakavu, na palipokuwa laini akawatandikia mbao zake mwenyewe ili wasizame. Kazi yenyewe ilichukua asubuhi moja. Magogo yalikuwa makavu mno, hayakupiga hata kelele.

"Ukawapa na kahawa?" Saimi alimuuliza jioni.

"Niliwapa."

"Oiva!"

"Walikuwa na kiu, Saimi."

Saimi akageukia dirishani, akakaa hivyo mpaka viazi vikaungua.

Majira ya baridi yaliyofuata pikipiki haikutoka bandani. Wengi walianza kwenda mjini, kwenye njia yenye taa, inayozunguka kiwanja na unaona gari lako muda wote. Wengine walikaa nyumbani tu, maana kilomita kumi na nane bila jiko katikati si matembezi tena kwa goti la kizee. Msitu ukajifunga kimyakimya, kama maji juu ya jiwe.

Siku moja ya Januari, Jumatatu, Oiva alivaa skii zake akaenda. Alikuwa akizama hadi magotini. Ilimchukua saa tano kufika mahali ambapo zamani alifika kwa moja na nusu. Palipokuwa na kibanda palikuwa na mraba ambao theluji yake ilikaa chini kidogo kuliko nyingine, na mawe manne yaliyoshika jiko, ambayo mashine haikuona faida ya kuyabeba. Akakung'uta moja, akakaa. Hakukuwa na lolote la kuota. Akakaa kama mtu anayeota.

Alikaa mpaka kope zake zikashikana. Labda angekaa zaidi, ila akasikia mkwaruzo. Skii. Mtu anapanda polepole kwenye alama alizozivunja yeye, akihema, akikohoa kwa namna aliyoijua.

Oiva akainuka. Akatoa ndani ya koti kifungu cha vijiti vikavu alivyovichonga nyumbani, akaviweka juu ya jiwe, mahali pale pale palipokuwa mdomo wa jiko. Kwa mkono akafagia theluji kwenye jiwe alilokalia.

Ilmo Juntunen akatokea kati ya misonobari, masharubu meupe kama ya mzimu. Akasimama ukingoni mwa ule mraba, palipokuwa na kizingiti, wala hakukivuka.

"Kuna nafasi?" aliuliza.

"Ipo," alisema Oiva, akivaa glavu. "Mimi nilikuwa naondoka."